Kaka Kala Dagaa

"Kaka kala dagaa."

Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ambayo mpwa wangu aliipiga chapa bila kutazama vidole vyake. Ilikuwa Julai 2024, hapa Tunduma, yapata saa mbili usiku, malori yakinguruma kwenye foleni ya kuvukia Nakonde. Mikono yake ilikuwa imefunikwa kwa khanga ya mama yake, kibodi ikiwa chini ya khanga, naye amekaza macho ukutani kama mtu anayesikiliza simu ya mbali.

Najua msomaji mmoja keshaanza kuninyooshea kidole. "Kala" ni Kiswahili cha wapi? Si useme "amekula"? Subiri kwanza, ndugu yangu. "Kala" ina sababu zake, na tutafika huko. Kwanza nikueleze kwa nini mtoto wa miaka 11 alikuwa anasomea sebuleni kwetu badala ya darasani.

Mpwa wangu ana ualbino. Macho yake hayatulii, hucheza kidogo huku na huku, na mwanga mkali humuumiza. Ubaoni haoni kitu hata akikaa dawati la mbele. Kwa miaka minne alikuwa ananakili kutoka kwenye daftari la jirani yake, na siku jirani akiugua, basi naye siku hiyo hana somo. Halafu mwishoni mwa Mei 2024, huko Muleba mkoani Kagera, mtoto wa miaka miwili mwenye ualbino alichukuliwa nyumbani kwao. Mwezi Juni ukapatikana mwili wake. Muleba na Tunduma ni mbali kweli, lakini woga haupimwi kwa kilomita. Habari ilipotangazwa redioni, dada yangu alifunga mlango, na kesho yake mtoto hakwenda shule.

Nilimkumbusha kwamba Sheria ya Elimu ya 1978 inamtaka kila mtoto aliyefikisha miaka 7 awe shuleni. Akaniangalia, akasema, "Na hiyo sheria ndiyo itakayomsindikiza njiani?" Sikuwa na jibu. Nilichokuwa nacho ni steshenari ndogo karibu na mpaka: mashine ya fotokopi, printa, na kompyuta mbili ambazo nazitumia kuwapigia watu barua, mikataba na makaratasi ya mizigo. Tukagawana kazi. Dada hesabu, mimi lugha, na Mama Mkubwa, ambaye mtoto anamwita Bibi, akawa mwalimu mkuu bila kuombwa na mtu.

Kalamu ilimshinda mpwa wangu mapema. Aliinama mpaka pua ikagusa daftari, na baada ya mistari mitano shingo inauma. Nikamwekea kompyuta, nikakuza herufi zikawa kubwa kama dagaa wa Nyasa. Ikasaidia kusoma. Kuandika je? Akarudi kule kule, kainama juu ya kibodi anatafuta herufi moja moja kama kuku anayedonoa mchele. Mama Mkubwa alimtazama siku mbili, ya tatu akavunja ukimya.

"Unamfundisha mtoto kutumia macho ambayo hana. Mfundishe vidole."

Akaingia chumbani, akatoka na khanga.

Mama Mkubwa alikuwa mpiga chapa wa serikali. Alijifunza kazi hiyo Dar es Salaam mwaka 1973, akiwa na miaka 19. Anasema mwalimu wao alifunika mikono yao kwa kitambaa, na aliyechungulia alichapwa rula. Wakati huo neno "kutaipu" lilikuwa la mitaani; ofisini ilikuwa "kupiga chapa", na fani yote kwa jumla inaitwa uhazili. Ndani yake mna hatimkato, yaani yale maandishi ya mkato ya kunasa maneno ya mkubwa anaposema. Mpaka miaka hii ukisoma matangazo ya kazi za katibu mahsusi serikalini utakuta sharti la hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza, maneno 100 kwa dakika moja. Jaribu kuyasema tu maneno 100 kwa dakika, uone shughuli yake.

Mashine yake ya chuma bado ipo. Aliinunua kuukuu ofisi ilipouza vitu chakavu, akaja nayo hapa kwa treni ya TAZARA, reli ya kilomita 1,860 ambayo Wachina, Watanzania na Wazambia waliijenga kati ya 1970 na 1975. Ukiinyanyua unadhani umebeba betri ya lori. Lakini ukibonyeza herufi inaitika papo hapo, tap! Na mstari ukikaribia kuisha inagonga kengele. Mpwa wangu aliipenda kuliko kompyuta zangu zote, kwa sababu ile ilimjibu kwa sauti.

Basi nikaanza kusoma habari za mashine hizi usiku, baada ya kufunga duka. Nilichokikuta kilinikalisha chini. Siku zote nilidhani mashine ya chapa ni chombo cha wakubwa na ofisi zao. Kumbe mwanzo wake uko kwa watu kama mpwa wangu.

Huko Italia, mwanzoni mwa karne ya 19, Pellegrino Turri alimtengenezea mashine ya kuandikia rafiki yake, Carolina Fantoni, mwanamke mtukufu aliyekuwa haoni. Mashine yenyewe imepotea, lakini barua alizozipiga kuanzia 1808 zipo hadi leo. Denmark, Rasmus Malling-Hansen, mchungaji aliyeongoza chuo cha viziwi mjini Copenhagen, akaunda mashine ya mviringo iliyojaa vitufe kama nungunungu, akaipatia hataza mwaka 1870. Mwanafalsafa Friedrich Nietzsche aliinunua mwaka 1882 kwa sababu macho yake yalikuwa yanamtupa mkono.

Mashine iliyoshinda zote, ambayo mpangilio wake wa herufi uko kwenye simu yako sasa hivi, ilitoka Milwaukee, Marekani. Christopher Latham Sholes na wenzake walipata hataza mwaka 1868. Kiwanda cha Remington, waliokuwa watengenezaji wa bunduki, kikaanza kuziuza mwaka 1874. Na mwanafunzi wa mapema wa mashine hiyo alikuwa nani? Mtoto wa nyumbani. Ipo picha ya mwaka 1872 inayomwonyesha Lillian, binti wa Sholes, amekaa mbele ya mashine ya baba yake.

Ajabu ni kwamba kwa miaka mingi wengi waliitumia kwa kudonoa. Ndipo akatokea Frank McGurrin, karani wa mahakama wa Salt Lake City, aliyejifundisha mwenyewe kupiga kwa vidole vyote bila kutazama. Tarehe 25 Julai 1888 alishindana mjini Cincinnati na Louis Traub, naye bingwa wa kupiga chapa, dau likiwa dola 500. Traub alikuwa na kasi, lakini ilipofika zamu ya kunakili kutoka kwenye karatasi, ilimbidi macho yaende kwenye karatasi, yarudi kwenye vitufe, yaende tena. McGurrin macho yake hayakutoka kwenye karatasi. Akambwaga. Tangu hapo shule za chapa zikaanza kuifuata njia hiyo, zikaitungia mitihani na vyeti.

Nilimsimulia mpwa wangu habari hii tukila ugali. Akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo Mjomba, yule aliyeshindwa ndiye aliyekuwa anaangalia?"

Naam. Yule aliyeshindwa ndiye aliyekuwa anaangalia.

Sasa turudi kwenye "kala". Weka vidole vyako kwenye kibodi, msomaji, kama unayo karibu. Kidole cha shahada cha kushoto kwenye F, cha kulia kwenye J. Utagusa vinundu viwili vidogo. Viliwekwa pale ili kidole kijue kwao bila kuuliza macho. Vidole vingine vitatu kila upande vinafuata. Huo mstari wa katikati ndio nyumbani, na somo la kwanza la chapa popote duniani ni kukaa nyumbani.

Vitabu vya chapa alivyovitumia Mama Mkubwa vilikuwa vya Kiingereza, na mazoezi yake ya mstari wa nyumbani yalikuwa ya maneno ya Kiingereza. Mpwa wangu Kiingereza chake bado changa. Ukimpa maneno asiyoyajua anapiga herufi tu, kichwa kiko nje kinacheza rede. Nikaamua kutunga ya kwetu. Nikagundua kitu: katika mstari wa nyumbani mna irabu moja tu, nayo ni A. Mna F, G, D, S upande mmoja, na H, J, K, L upande wa pili. Kwa hiyo "amekula" haiwezekani, kwani inataka M, E na U, nazo ziko juu na chini. Lakini "kala" inawezekana! Na "kalala". Na "daladala", na "jalada", na "kasha", na "shaka". Nikampa: kaka kala dagaa, dada kalala daladala. Akacheka mpaka khanga ikaanguka. Mstari wa nyumbani, bwana, haujui Kiswahili sanifu. Unajua cha mtaani tu.

Hebu hesabu herufi za sentensi ile ya kwanza. Ziko 13, na 7 kati yake ni A. Lugha yetu inaipenda A kupita kiasi. Fungua ukurasa wowote wa gazeti uhesabu mwenyewe. Na je, A imewekwa chini ya kidole gani? Kile cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidogo na dhaifu kuliko vyote. Herufi Q, ambayo Kiswahili hakina kazi nayo, imekaa juu yake kama mpangaji asiyelipa kodi. Meza hii haikupangwa kwa ajili yetu. Sholes alikuwa anawaza Kiingereza na vyuma vya mashine yake.

Niliposema hivyo Mama Mkubwa aliinua mkono wake wa kushoto, akanionyesha kidole chake cha mwisho. Kimepinda kidogo kwenye kiungo cha juu. Sijui kama ni kazi au ni uzee, lakini yeye hana shaka hata chembe.

"Hiki ni Azimio," akasema.

Nikadhani anatania. Akaeleza. Mwaka 1967, mwaka huo huo wa Azimio la Arusha, Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, aliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zote za serikali, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria mwaka huo. Sisi tumefundishwa kulisherehekea jambo hilo, na ni haki. Lakini ofisini lilikuwa na upande wake wa mikono. Majalada ya Kiingereza yakageuka ya Kiswahili. "Ndugu, tafadhali rejea barua yako" ikachukua nafasi ya salamu za mkoloni. Na kidole cha mwisho cha kushoto cha kila mpiga chapa nchini kikaongezewa kazi. Mashine ya chuma haitaki kuguswa, inataka kupigwa. Ukipiga kwa unyonge, A inatoka hafifu, na mkubwa anairudisha barua.

Isitoshe, mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya kuona gharama na hasara zake. Kwa hiyo wakati ofisi za kwingineko zinaanza kubadilisha vyombo, hapa kwetu mashine za chuma ziliendelea kutawala hadi miaka ya 1990. Mama Mkubwa aliikuta kompyuta akiwa mtu mzima. Anasema siku ya kwanza aliipiga kibodi kwa nguvu ile ile, bosi akatoka mbio kuuliza nani anavunja mlango.

Nilimuuliza kama anazo karatasi alizowahi kuzipiga. Akatikisa kichwa. "Zilikuwa za ofisi." Nikafafanua: si za ofisi, zako mwenyewe, labda barua, labda shairi, labda hadithi. Alifikiri kwa muda mrefu. Zaidi ya miaka 30 kazini, maelfu ya kurasa, hotuba, mihutasari, barua za kupandishwa vyeo na za kufukuzwa kazi, na hakuna ukurasa hata mmoja uliokuwa wa maneno yake. Chini ya barua kulikuwa na saini ya mkubwa. Yeye alibaki herufi mbili tatu ndogo pembeni, zile za kuonyesha nani kaipiga.

Hilo lilinikaa rohoni. Wewe unayesoma jarida hili na una hadithi kwenye droo, fikiri: Afrika Mashariki nzima ilikuwa na wanawake wenye vidole vyepesi kuliko waandishi wetu mashuhuri, na mashine mbele yao kila siku, na walichoruhusiwa kuandika ni mawazo ya mtu mwingine. Tunapoandika historia ya fasihi tunawataja waliotunga. Aliyepiga muswada akarekebisha na makosa ya mtunzi, jina lake hatulijui.

Nikaapa kwamba mpwa wangu hatapiga maneno ya mtu mwingine tu. Zoezi la wiki ya tatu likawa majina ya kwetu. Vwawa, makao makuu ya mkoa wetu wa Songwe uliozaliwa mwaka 2016 kutoka Mbeya, inapigwa yote kwa mkono wa kushoto. Mbozi ni raha tupu: kulia, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama mtu anayetembea. Mlowo inaelemea kulia. Halafu mwenyewe akagundua ambalo mimi na Mama Mkubwa na miaka yetu yote hatukuwahi kuliona.

"Mjomba, 'mimi' ni mkono wa kulia peke yake. Na 'wewe' ni wa kushoto peke yake."

Nikajaribu. Kweli bwana. Mama Mkubwa akajaribu hewani, mezani, bila mashine. Akanyamaza, halafu akasema, "Nimepiga 'wewe' maisha yangu yote."

Kufikia Septemba mtoto alikuwa anapiga habari nzima ya redio huku anasikiliza. Nilikuwa na furaha, na ngoja nikiri kwako, nilikuwa na majivuno pia. Nilijiona nimeshatatua tatizo. Kichwani nilishapanga kila kitu: atasomea nyumbani, atafanya mtihani siku moja kama mtahiniwa wa kujitegemea, atapata kazi ya kuandika akiwa ndani ya kuta salama. Dada naye alishaanza kulala usingizi.

Jumapili moja ya Oktoba nikamwambia mpwa wangu leo hakuna zoezi. Piga chochote kinachotoka kichwani mwako. Akachagua mashine ya chuma. Akajifunika khanga mwenyewe. Tulisikia tap tap na kengele kwa karibu nusu saa. Akachomoa karatasi, hakunipa mimi, akampelekea mama yake jikoni. Ninayo hapa mbele yangu, na nimeomba ruhusa yake kuinakili:

"Mama. Mimi nataka kurudi shule. Mjomba na Bibi wananifundisha vizuri lakini hapa hakuna mtu wa kucheza naye. Sasa naweza kuandika anachosema mwalimu bila kuangalia ubao. Mimi siogopi sana. Wewe ukiogopa unisindikize."

Dada aliisoma amesimama, mwiko mkononi. Mboga ikaungua. Usiku ule tulibishana mpaka malori yakanyamaza. Alinilaumu mimi: nilimfundisha mtoto jambo la kumweka nyumbani, na mtoto kalitumia kuomba kutoka. Alikuwa sahihi kabisa. Niliwaza zile shule za wasioona kama Buigiri kule Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 1950. Watoto wengi wenye ualbino nchini walipelekwa shule za namna hiyo wakafundishwa kusoma nukta kwa vidole ilhali macho yao yalikuwa na uwezo kiasi. Waliowapeleka walitaka kuwasaidia, kama mimi. Na kama mimi, hawakumuuliza mtoto.

Tukatembelea shule tatu. Moja ilituambia haina nafasi kabla hatujakaa. Ya tatu ilikubali. Mwalimu mkuu alipoona mtoto anapiga huku anamtazama yeye usoni, akaita walimu wenzake waje kuona. Mashine ya chuma aliikataa katakata, akisema italia darasani kama cherehani. Nikatoa kompyuta ndogo ya dukani, ile niliyokuwa naitegemea kwa kazi za jioni. Betri yake inadumu vipindi vinne. Vilivyobaki anasikiliza tu.

Januari 2025 alirudi darasani. Asubuhi mama yake anamsindikiza, mchana anarudi na mimi. Siwezi kukuambia kwamba woga umeisha. Dada bado anasimama getini mpaka kengele ya kwanza igongwe, na siku nikichelewa dakika kumi simu yangu inalia mara tano. Katika barua ile mtoto aliandika "siogopi sana", na hilo neno la mwisho nimelitazama mara nyingi.

Mama Mkubwa sasa anabaki peke yake sebuleni mchana. Juzi nilipita nyumbani saa tano kuchukua karatasi za fotokopi. Nje ya mlango nikasikia tap, tap, kwa mwendo ule wake wa zamani. Nikasimama. Kengele ikagonga, akasukuma mstari, akaendelea. Sikuingia. Karatasi nilikwenda kuzikopa kwa jirani.